Nukta ya Chokaa

Shangazi Mwanamkuu aliniuliza akipepeta mchele
uani kwetu, Mkomani:
"Miaka sita Nairobi, na kazi yako kutazama?
Watazama nini, mwanangu,
kisichoonekana kwa mato?"

Nikamwambia: ngozi ya seli. Utando.
Tando elfu kumi ukizipanga moja juu ya moja
hazifiki unene wa ukurasa.
Na ndani ya utando, katika mafuta yasiyotulia,
protini zatembea.

"Zatembea vipi?"

Nikatafuta mfano, nikakosa,
hadi punda wa Shee Bunu akapita mlangoni
na mifuko miwili ya saruji mgongoni,
bila mtu mbele, bila mtu nyuma.

Nikachovya kidole kwenye chokaa
nikamtia nukta pajani.
Huyu, nikasema. Si punda wote. Huyu.

Ukiwatazama wote kutoka darini
utasema: punda wa Amu huenda polepole,
na utakuwa umesema kweli,
kweli ya wastani,
ambayo hakuna punda hata mmoja anayeitembea.

Mpwa wangu Famau akapewa daftari na saa.
Kila dakika, nukta moja ya kalamu:
yuko wapi sasa? Na sasa?
Kisha mstari, kutoka nukta hadi nukta.

Dakika ishirini na mbili alizunguka pale pale
baina ya rundo la mawe ya matumbawe
na mlango wa Bi Zuwena wenye maganda ya ndizi.
Akagusa ukuta, akarudi.
Akagusa rundo, akarudi.
Famau akapiga miayo. Karatasi ikawa nywele zisizochanwa.
Kisha, kwa sababu ambayo sikuiona,
akapenya chini ya wikio
akawa mtaa wa pili.

"Hivyo hasa!" nikapiga kelele, shangazi akashtuka.
Chini ya utando mna ua wa nyuzi,
protini hugonga, hurudi, hugonga,
mpaka ua ukitikisika upenyo ukafunguka,
nayo ikaruka. Sisi twaona mruko tu.
Mlango hatujauona.

Penye jaa wakakutana punda watatu,
na mmoja ana baka jeupe la kuzaliwa.
Famau akainua kalamu, akaniangalia:
"Ni yule yule?"

Nimesoma hesabu za mwendo hadi macho yakauma.
Nimekesha na hadubini, na leza, na kompyuta inayonguruma.
Swali gumu kuliko yote ni hilo la mtoto:
kati ya picha hii na picha ifuatayo,
nilipokuwa nimepepesa,
ni yule yule?

Saa tisa mvua ikamwagika bila kubisha hodi.
Famau akarudi mbio, daftari ndani ya shati.
"Amepotea! Nukta haipo!"

Shangazi hakuinua kichwa kwenye ungo.
"Punda hakupotea," akasema.
"Chokaa ndiyo iliyoondoka."

Nikanyamaza.
Kule maabara twaandika: mwisho wa njia.
Sekunde nne, tano ukibahatika,
kisha rangi yaungua kwa mwanga ule ule
tulioiwashia ili tuione.
Protini yaendelea zake,
labda ikutane na ile iliyokuwa ikiitafuta,
labda wafungane, seli nzima ibadili nia,
nasi hatupo.

Shee Bunu alipiga simu magharibi
kuuliza nani kampaka punda wake chokaa.
Nikasema ni sayansi.
Akasema sayansi ni shilingi mia mbili.
Nikatuma.

Usiku nikasikia kwato kichochoroni,
zikasita mlangoni petu, zikaendelea.
Huenda ni yeye.
Sikuinuka.